Jina Chini ya Buli

Siku ya kwanza nilipoingia karakana ile ya masonara Guangzhou, Uchina, nilisikia nyundo kabla sijaona watu. Ziligonga polepole, kama matone yanayodondoka makutini mvua ikishakatika. Nilikuwa nimemsindikiza binamu yangu Salma, mfanyabiashara wa Mombasa aliyepanga chumba mtaa wa Xiaobei, aliyefuata bangili za kuuza. Laoban, ndivyo wanavyomwita mwenye kazi, alitazama bangili iliyokuwa mkononi mwangu.

"Nani kaifua?"

"Mimi," nikasema, Salma akatafsiri. "Baba alikuwa sonara Lamu. Hakujaliwa mtoto wa kiume."

Kesho yake nilipewa kigoda kando ya shifu, fundi mkuu, mzee mwenye nyusi nyeupe na sauti ya chini. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, na Waswahili katika mji ule tulikuwa wa kuhesabika.

Karakana ilikuwa ikifua vyombo kwa mtindo wa masonara wa kale wa Marekani. Dalali mmoja Mmarekani alituletea buli kuukuu la Boston tuliige. Halikuwa na nakshi hata moja. Uzuri wake wote ulikuwa katika mviringo wa tumbo lake, na ukilitazama sana ulijiona unaelea ndani yake. Dalali alitueleza kwamba masonara wale hawakuwa na migodi. Wateja waliwaletea sarafu za kigeni, wao wakaziyeyusha wakafua buli, na chini yake wakagonga muhuri wa jina lao. Likiibwa, mwenyewe alitambue.

Nilicheka, nikamwambia shifu kupitia Salma kwamba baba aliyeyusha riale, sarafu za fedha za zamani, za maharusi vivyo hivyo.

"Na babu yangu aliyeyusha dola za fedha zilizoletwa na merikebu," shifu akasema. "Fedha haina kwao."

Alinifundisha subira. Fedha ikigongwa sana hukakamaa, na ukiilazimisha hupasuka. Basi huipasha moto mpaka iwe na wekundu wa waridi, kisha huizamisha majini ilainike upya. Mvuke ulipopanda nilikuwa siwaoni wenzangu, nasikia nyundo tu, na sikujua kama niko Lamu au Uchina. Siku zikapita hivyo, kama usingizi wa mchana. Nikaokota Kichina cha sokoni. Shifu akaniita Lukia, kwa kuwa Rukia lilimshinda.

Mabuli yalipokamilika, dalali alitaka yagongwe muhuri wa yule sonara wa kale, yauzwe kama ya zamani. Muhuri huchongwa kinyumenyume kwenye ncha ya chuma, na mle ndani ni mimi peke yangu niliyeweza kuzichonga herufi zile za Kizungu. Laoban akaniwekea chuma mezani.

"Bu xing," nikasema. Haiwezekani. "Aliyelifua lile la kwanza keshakufa. Mabuli haya siyo watoto wake."

"Lukia, ukikataa, dalali anaondoka na kazi yake. Watu wote hawa watakula nini?" laoban akauliza.

Hakuwa mtu mbaya, na swali lake lilikuwa la haki. Shifu ndiye aliyeweka nyundo chini.

"Mabuli haya nimeyafua mimi," alisema taratibu. "Tangu ujana wangu nafua, na hakuna aliyewahi kuniuliza jina."

Laoban akatoka nje. Dalali akachukua buli lake akaenda zake, mabuli yetu yakabaki. Tukafua vijiko na vikuku, na mafundi wawili wakaondoka kutafuta riziki kwingine. Salma alizunguka kwa wanunuzi wa Mombasa mpaka akapata waliotaka mirashi ya fedha, vile vyombo vya kunyunyizia maji ya waridi arusini. Polepole moto ukarudi kwenye tanuri.

Asubuhi moja laoban alikuja na kipande kipya cha chuma.

"Chonga jina la shifu," akaniambia, wala hakunitazama usoni.

Mzee aliliandika kwa brashi, nami nikalichonga. Alipindua buli moja, akagonga mara moja tu, akapitisha kidole gumba juu ya alama. Kisha akavuta buli la pili.

Nilistaafu macho yaliponikataa, nikarudi Lamu. Vijana wa usonara huniuliza kama nilijuta kukataa kule. Nyuso za wale mafundi wawili bado hunijia, nami sizifukuzi. Mabuli yaliuzwa moja moja, sijui yalikofika. Ila najua kwamba mahali fulani mtu anamimina chai, na chini kabisa, palipo na joto, pana jina la mzee yule.