Kisu Kilichotangulia Harusini

Juzi kwa mwanangu nilikuta kisu kimoja tu jikoni, hichohicho cha mkate, cha vitunguu na cha samaki, nikacheka peke yangu. Bibi yangu wa Junda angekihurumia. Kwake kila kisu kilikuwa na kazi yake: kidogo cha kupara samaki, panga la kuchanjia kuni, na kile kirefu cha kuchinjia, ambacho hukiombi hata kwa machozi. Hicho alikinoa mwenyewe juu ya jiwe, akijaribu makali kwa ukucha, na sisi wajukuu tumeziba masikio.

Mwaka mmoja kabla ya uhuru, mama mdogo aliolewa. Ng'ombe wa karamu alifungwa uani tangu jana yake, na kwa kuwa mnyama hafai kukiona kisu, bibi alikificha. Asubuhi masufuria yameinjikwa, mwalimu wa madrasa amekuja kuchinja, kisu hakionekani. Tulipekua hadi chini ya vitanda. Jirani yetu, mtu wa bara aliyefanya kazi Kipevu, akaleta panga lake kwa moyo safi.

"Ahsante, mwanangu," bibi akamwambia, "hilo lifyekee majani."

Mara bibi akakaa chini, amekumbuka. Alikuwa amekikunja ndani ya leso, akakitia kwenye sanduku la bi harusi. Na sanduku lilishapelekwa Magogoni, kwa mume, tangu alfajiri.

Hapo hakuna aliyejali ng'ombe tena. Kisu kwenye nguo za bi harusi, wakwe wangekifahamu vipi? Mama mdogo, hina bado mbichi miguuni, alilia mpaka wanja ukamchirizika. Alijua hana ndoa tena.

Mavyaa wake, mama wa bwana harusi, alikuja mwenyewe kwa miguu, uso mkavu, kisu ndani ya leso. Hakumpa bibi mkononi. Kwetu kisu kikipita mkono kwa mkono huleta ugomvi. Alikiweka juu ya mkeka, akangoja bibi akiokote. Ndipo tuliposhusha pumzi.

"Nishakikatia nyama," akasema. "Wallahi kikali. Mkimaliza, nirudishieni."

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Adhuhuri ng'ombe alikuwa jikoni, na jioni kisu kilikwenda Magogoni pamoja na bi harusi, kwa heshima zote.

Siku hizi nyama ya harusi huja imeshakatwa, na nyumba za udongo za Junda zimebomolewa, naona uchungu nikipita. Mama mdogo na mavyaa wake waliishi pamoja miaka mingi, wakitaniana. Mavyaa yule alipougua uzeeni, binti zake walimletea uji akaukataa. Akasema aitwe mwanawe, na aliyemtaka ni mama mdogo.