Boti, pampu na akili za kabichi

Leo nusura nizamishe boti. Hapa kijijini Magamba, huku huku mlimani.

Mama Neema ana bwawa la samaki na boti ndogo ya kuzungushia wageni. Mvua zetu hizi zinaijaza maji, amechoka kuyachota kwa ndoo. Akaniita nimfungie pampu.

Nikaikaza pampu kwenye sakafu ya boti, nikaunga betri, nikapitisha mpira wa maji juu ya ukingo hadi nje. Mdomo wa mpira nikaulaza ndani ya bwawa, taratibu.

Wakulima wenzangu mnajua kwa nini. Maji yakidondoka toka juu yanachimba tuta la mboga.

Nikawasha. Boti ikakauka! Nikazima, tukaenda kunywa chai.

Kurudi, maji yamefika kwenye viti.

"Fundi, umeitoboa?"

"Hapana, mama."

Nikapapasa sakafu nzima natafuta tundu. Hakuna. Nikashika mdomo wa mpira kule bwawani: unanivuta kidole! Kumbe maji ya bwawa yako juu kuliko sakafu ya boti, basi pampu ikizimwa yanarudi ndani kwa mpira ule ule.

Nikauinua mdomo juu ya maji, nikaufunga ukingoni. Nikawasha, nikazima. Safari hii boti imebaki kavu.

Mama Neema akaniuliza: "Fundi, kwani humu ndani umeona tuta?"

Chekeni, lakini semeni kweli: nani wa huku angefanya tofauti?

Nimefika nyumbani, nimemkuta mke wangu anamwagilia kabichi. Mdomo wa mpira ameulaza chini, taratibu.