Kaka kala wali mara mbili

Leo kaka yangu kala wali mara mbili, na si kwa uroho.

Kila nikimpigia simu huko Dar, "Kaka, mama anasahau sana," jibu lake ni moja: "Uzee tu. Wewe una gubu." Bingwa wa kupima watu kwa simu.

Leo kaja Kibiti mwenyewe. Mama kampikia wali wa nazi na kamba. Kala, kashiba, kanitazama kwa ushindi.

Hata mikono hajanawa, mama katoka jikoni anatabasamu. "Umefika, mwanangu? Ngoja nikupikie."

Bingwa kainuka.

Kanifuata uani. "Tangu lini?"

"Tangu uliponiambia nina gubu."

Sahani ya pili ilipokuja kaimaliza, machozi yakimlengalenga. Kesho anampeleka mama hospitali.

Nanyi mlio mbali, mara ya mwisho mlishinda na mama zenu lini?