Mshipi wa Nyuzi Nane

Mjomba wangu ni fundi cherehani, na kwa maoni yake hakuna jambo duniani lisiloanzia kwenye uzi. Ukimwambia unaumwa mgongo, atakuuliza koti lako limeshonwa vipi mabegani. Ndoa ya watu ikivunjika, yeye alishaona dalili siku ya kupima gauni. Nina miaka sita dukani kwake, kwenye meza ya vifungo na zipu, na sijawahi kumsikia akisema "sijui". Mwaka wangu wa kwanza nilikata uzi uliojifunga fundo. Alinikalisha saa nzima akinieleza kwamba fundi hakati fundo, fundi hulifungua, na kwamba mkasi uliletwa kwa ajili ya vitambaa na watu wavivu. Nilimsikiliza huku nikiomba mteja yeyote aingie. Hakuingia hata mmoja.

Jirani yetu alikuwa kinyozi. Yeye na mjomba walikaa hivyo miaka ishirini na mitatu, ukuta wa mbao katikati, wakibishana bila kuonana, huyu na suruali yake, yule na kichwa cha mtu. Kila Ijumaa kinyozi aligonga ubao na kuuliza, "Fundi, kesho bwawani kuvua?" Na kila Ijumaa mjomba alijibu, "Kazi zimenijaa, bwana. Wiki ijayo." Kazi zilikuwepo kweli, kwa sababu alipokea nyingi kuliko alizoweza kumaliza, akawadanganya wateja wote bila upendeleo.

Mwaka huu mikono ya kinyozi ilianza kutetemeka. Kinyozi wa aina hiyo hubakiwa na wateja wenye vipara tu, na hata hao wana masikio. Akaamua kufunga duka na kuhamia kwa binti yake, safari ya siku mbili kutoka hapa.

"Fundi," akasema siku moja kupitia ubao, "Jumatatu ya wiki ijayo naondoka. Nimebakiwa na Jumamosi moja."

Safari hii mjomba aliacha kushona. Nilimwona akiondoa mguu kwenye pedali.

"Nakuja," akasema, na nikajua ameumia, maana hakuongeza hata neno.

Mtu mwingine angeazima fimbo ya kuvulia akaenda zake. Mjomba alitaka ya kwake, na Jumatano akanikokota hadi duka la vifaa vya uvuvi. Akapita rili zote za kawaida, zile ambazo hata mtoto angezitumia, akasimama mbele ya moja iliyokuwa na pipa dogo la kukunjia mshipi wa kuvulia, lililolala, meno ya chuma, na skrubu ya kukazia pembeni.

"Hii ni bobini ya cherehani," akaninong'oneza. "Hawa watu wametuibia bobini."

Muuzaji alikuwa dada mmoja mpole. "Baba, umeshawahi kutumia rili ya namna hii?"

"Mashine ni mashine."

Yule dada akaweka mezani mshipi wa nailoni, mnene kidogo, usio na mbwembwe zozote. "Basi anza na huu. Rili hii ina kisirani kwa mgeni. Ukirusha, chubwi, hii risasi ya kuzamishia ndoana, inapunguza mwendo huko mbele, lakini pipa linaendelea kuzunguka, mshipi unafumuka na kujisokota. Inabidi ulizuie kwa kidole gumba, na hilo linataka mazoezi. Nailoni ikijisokota unavuta vitanzi, inafunguka. Ikikataa unakata, unatupa, maisha yanaendelea."

Aliposikia "unakata", mjomba alimtazama kwa huruma. Akaupima ule mshipi kati ya vidole viwili, akauvuta, akaunusa. "Huu ni wa kushonea magunia." Kisha akanyoosha mkono rafu ya juu na kuteremsha mwingine, mwembamba, laini, uliosukwa kwa nyuzi nane. Akausugua shavuni.

"Huo ni mzuri kwa aliyezoea," dada akasema. "Kwa mgeni, ukijisokota hauonyeshi mwanzo wala mwisho. Na usipoutangulizia nailoni kidogo chini, unateleza kwenye pipa."

"Binti yangu, uzi nimeushika kabla wewe hujazaliwa."

"Sawa, baba," akajibu, akaufunga kwenye mfuko. Nilicheka. Nikapewa jicho.

Siku mbili zilizofuata hatukushona kitu cha maana. Mjomba aliukunja mshipi kwenye pipa akiupima mkazo kwa sikio, kisha akaupaka nta ya mshumaa, kama anavyofanya anaposhona mikoba ya ngozi. Bwana harusi mmoja alikuja mara mbili kuulizia suruali yake akaambiwa kitambaa kinapumzika.

"Mjomba," nikamkumbusha, "yule dada alisema nailoni itangulie chini."

"Yule dada anauza. Mimi nashona."

Nikameza maneno. Nimemeza mengi mle dukani, sijui kwa nini sinenepi.

Jumamosi saa moja asubuhi tulimkuta kinyozi ameshaweka vigoda viwili ukingoni mwa bwawa, karibu karibu, na kofia ya pili kwa ajili ya mgeni wake. Mimi nilikuwa mbeba chai. Kinyozi alifurahi mpaka nikaona haya kumtazama. Akarusha mshipi wake wa nailoni iliyofifia rangi, ukatua majini bila kelele.

"Haya, fundi. Zamu yako."

Mjomba akasimama, akakunja mikono ya shati, akarusha kwa nguvu zote. Chubwi ilitua kwenye nyasi hatua sita pembeni yetu. Kidole gumba alikuwa amekiinua juu, mbali kabisa na pipa, kama anayekwepa sindano ya mashine. Rili ikalia, na ilipotulia palikuwa na furushi la mshipi kubwa kama ngumi.

Kinyozi alicheka mpaka akakohoa. Akatoa mkasi wake mfukoni. "Lete nikate. Nina nailoni ya kutosha hapa, tunafunga, tunaendelea."

"Mkasi hapana!" Mjomba akaikumbatia rili. "Nipe dakika tano."

Akageuka ili apate mwanga mzuri, akachomoa sindano kwenye ukosi wa shati, akaanza kuchokonoa. Ile nta aliyoipaka kwa mapenzi ilikuwa imegandisha kila kitanzi. Saa mbili ikapita. Kinyozi akavuta samaki wa kwanza. "Fundi, ona!" Mjomba akasema anakuja, bado kidogo. Saa tatu. Kinyozi akammiminia chai, ikapoa. Nikasema, "Mjomba, si ukate tu?" Akanijibu kwamba miaka sita yangu imepotea bure. Nilikuwa na hasira kiasi cha kutaka kulitupa lile dude majini na yeye alifuate.

Karibu na saa nne kinyozi alianza kusimulia, macho kwenye maji. Alisema walipomzika mtoto wao wa kwanza, yeye alikaa miezi mitatu bila kusema na mtu. Siku moja mkewe, ambaye sasa ni marehemu, alimleta hapa hapa, akamshikisha fimbo, akamwambia...

"Mwanangu," mjomba akaniita, "niangalizie sindano, imeanguka."

Nikapiga magoti nikaitafuta kwenye nyasi. Kinyozi akarekebisha chambo chake. Hakuendelea.

Saa sita kasoro fundo lilifunguka. Nitasema haki, ilikuwa kazi safi. Mjomba aliunyanyua mshipi juu, uso umemng'aa. "Wote! Haukukatwa hata mahali pamoja!"

Kinyozi alikuwa ameshakunja kigoda chake. "Hongera, fundi," akasema, na hakumkejeli.

"Sasa turushe!"

"Samaki wameshashuka chini, jua kali. Na gari la vitu vyangu linafika saa nane."

"Ulisema Jumatatu."

"Mimi Jumatatu. Vitu ni leo."

Mjomba akabaki na fimbo mkononi. "Si ungeniita, bwana."

"Nimekuita." Kinyozi akamshika bega. "Miaka yote hii tumeongea kupitia ubao. Leo nilitaka tukae. Nimekaa na kisogo chako."

Jumatatu tulimsindikiza. Walishikana mikono muda mrefu, mjomba akamwambia asafiri salama, basi likaondoka. Tulirudi dukani. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa kimya kabisa. Mjomba akapitisha uzi kwenye sindano, akaweka suruali ya bwana harusi chini ya mguu wa mashine, lakini hakukanyaga pedali.

"Ile habari ya mkewe," akasema. "Alimleta bwawani, akamshikisha fimbo. Halafu alimwambiaje?"

"Hapo ndipo ulipoangusha sindano, mjomba."