Kanga za Mama Kwenye Ramani ya Simu

Katika miaka ile ya dhiki, duka la mama lilikuwa jikoni. Sabuni haikuonekana, kanga zilikuwa adimu, na msako wa askari dhidi ya walanguzi ulipopita Chumbageni mtaa mzima ulinyamaza. Mwanamke aliyetaka doti alipitia uani na kusema, "Nimekuja kuomba moto." Mama alimpa kaa moja ndani ya kifuu, na kanga ikaondoka chini ya buibui. Nilikuwa mdogo. Mpaka leo nauona moshi ule ukielea juu ya ua, na wanawake wakitoka ndani yake polepole, kama watu wanaotembea usingizini.

Biashara zilipofunguliwa, wenzake walipaka kuta rangi na kuandika majina makubwa. Mama alihamishia kanga chumba cha mbele, lakini mlango wa barabarani akauacha umerudishwa nusu, bila ubao wa jina. Waliomjua walimjua.

Mimi nilikwenda Maskati. Nilipakua makasha, nikasoma, nikapata stashahada ya biashara, na hakuna aliyeninunulia hata kalamu. Niliporudi nilikuta wateja wa mama wamezeeka, wengine wameshatangulia, na binti zao wananunua mtaa wa Usagara, kwenye maduka waliyoyaona mtandaoni. Dada yangu wa Dar alikuwa ameshakata shauri: Idi ikifika na hali ni hii hii, duka linafungwa, mama anahamia kwake ghorofani.

"Huko juu nitaongea na nani?" mama aliniuliza. "Na kunguru?"

Nikamwambia aniachie mimi. Mtaa ule hakuwepo mwingine aliyejua kwa nini mtu akiandika "kanga Tanga" kwenye simu, duka hili linakuja juu na lile halitokei kabisa. Simu inataka jina linalofanana na kile watu wanachotafuta, mahali halisi kwenye ramani, saa za kufungua, picha, na maneno ya wateja wenyewe. Nikaandika "Kanga za Doti Chumbageni", nikajaza yote asubuhi moja. Ikabaki picha ya mbele.

"Mlango wangu usiupige," mama akasema.

"Sasa mgeni atapajuaje, mama?"

"Na wakija?"

"Akina nani?"

Alikuwa akitazama barabara iliyojaa jua, tupu, na nikafahamu kwamba kwake msako ule ulikuwa bado haujamaliza kupita.

"Mama, wale wameshastaafu. Sasa hivi wanatafuta kanga za kuozea mabinti zao."

Alicheka mpaka akashika ubavu. "Basi ngoja nivae vizuri." Akafungua mbao zote mbili za mlango. Upepo ukaingia, kanga zikavimba zote kwa pamoja, nyekundu, manjano, samawati, na kwa muda nilidhani chumba kinapumua. Nikapiga picha.

Majirani niliwaomba waandike maoni. Bibi mmoja akamwamuru binti yake: "Andika, bei hapunguzi, ila mdomo wake mtamu."

Hakuja mtu. Ramadhani ikateleza, mchana mmoja ndani ya mwingine, mama akisinzia katikati ya rangi zake. Kisha alasiri moja akasimama mlangoni mwanamke kutoka Mkwaja, simu mkononi, akilinganisha picha na mlango.

"Shikamoo, mama. Ndiyo hapa penye kanga?"

"Marahaba. Ndiyo hapa. Ingia."

Alinunua sare za harusi nzima, na alipofika kwao akaandika maneno mazuri na kuweka picha. Baada yake wakaja wa Pangani, wakaja wa Muheza, wakaja hata wa Usagara kwenyewe. Kazi ya mikono yangu, nasema bila haya.

Mkesha wa Idi dada akafika na begi tupu, tayari kufunga vitu vya mama. Akasimama mlangoni, kinywa wazi, wateja wakimpita kushoto na kulia. Mama alikuwa amekunjua doti hewani, hakumpa hata salamu.

"Sogea, mwanangu, umeniziba," alisema. "Watu hawanioni."