Kimea cha Regina

Mwaka 1975, huko Usangu karibu na Rujewa, hakukuwa na mtoto aliyejua kufumba mdomo kama Seni. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu, na akiona kijiko anageuza uso. Muuguzi Matilda alimwambia mama yake, Regina, bila kumung'unya maneno: asipoongezeka uzito kufikia mwisho wa mwezi, atapelekwa kulazwa Mbeya. Regina akatoka kliniki ameshika somo moja tu la Matilda. Loweka choroko, ziache zichipue, anika, saga. Mbegu ikichipua, protini yake hujikatakata vipande vidogo, na vipande hivyo tumbo dhaifu huvipokea bila ugomvi, tena huujenga mwili.

Basi akaloweka choroko zote walizohama nazo kutoka Usukumani, akazifunika kwa gunia chini ya kitanda.

Siku ya tatu mama mkwe wake, Helena, akanusa. Jamani, pua ya bibi yule! Tangu azaliwe aliijua kazi moja tu ya kimea, yaani mbegu zilizochipua, nayo ni pombe. Wala hakuuliza, furaha ilimzidi. Alizunguka nyumba hadi nyumba akitangaza kwamba mke wa mwanawe, yule mkimya, anampikia pombe ya heshima.

Jumamosi, Regina akiwa ameshaanika na kusaga, wakatokea wazee tisa, kila mmoja na kibuyu chake, wamejipaka mafuta wanang'aa. Regina nusura alie. Kuwarudisha wageni wa mkwe na vibuyu vikavu ni aibu isiyosemeka. Kuwapa unga ule, Seni atabaki na nini? Akapika uji wote, akawamiminia.

Mmoja wao, Mzee Budeba, akaonja, akaonja tena.

"Pombe hii bado changa sana," akasema.

Helena alitamani ardhi immeze. Wazee wakaangua kicheko, kisha wakaendelea kunywa kwa kelele, maana uji ulikuwa mtamu. Hapo Seni akatambaa kutoka mkekani, akakidaka kibuyu cha Budeba kwa mikono miwili, akanywa mpaka uji ukamchuruzika kitovuni.

Kumbe mtoto alitaka wenzake wa kunywa nao! Tangu siku ile peke yake hakunywa. Kila asubuhi wazee walifika na choroko zao za kuloweka, wakaketi wakamsindikiza, na Regina alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Siku ya mizani waliandamana wote kliniki. Matilda akasoma: kilo moja na robo juu, hakuna safari ya Mbeya. Regina akalia kwa furaha mbele ya watu, bila haya.

Helena akamshika mkono.

"Mke wa mwanangu," akasema, "pombe yako sasa nimeielewa. Twende tukaloweke nyingine."