Nilivyoharibu udongo wa mama yangu kwa mbolea ya choo, Goma

Wakuu, amani kwenu. Niko Goma, mtaa wa Mabanga, ila kwetu ni Butembo. Haya yamenitokea mimi mwenyewe na mengi yananitia aibu. Sasa nani atunge uongo wa kujiaibisha?

Kwa wasioijua Goma: mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano. Ukitaka kulima nyuma ya nyumba, udongo unautafuta mbali.

Mama yangu alifanya hivyo miaka na miaka. Kila ndugu aliyetoka upande wa Rutshuru aliagizwa gunia la udongo. Mengine aliyabeba mwenyewe, kamba kwenye paji la uso. Akamwaga juu ya mawe, akasawazisha, hadi akapata kishamba cha ukubwa wa vyumba viwili hivi. Lenga-lenga, yaani mchicha, bilinganya, vitunguu vya majani. Tumekulia hapo.

Mimi ndiye msomi wa familia. Shida ilianzia hapo.

Udongo ulichoka, mboga zikawa za njano. Nikaona video kwenye simu, watu wanaweka tope la choo shambani na mavuno yanapendeza. Na choo chetu kilikuwa kimejaa. Huku jiwe halichimbiki kirahisi, kwa hiyo parseli nzima, kiwanja cha familia nne, tunatumia shimo moja. Nikasema leo nimemaliza matatizo mawili.

Nikaita watu wakalitoa lile tope kwa ndoo. Nikalianika juani miezi minne, nikachanganya na majivu. Harufu ikaisha kabisa. Majirani wakanibatiza Injinia wa Mavi. Mama alisita, akaniuliza kama nina uhakika. Nikamjibu kwa kiburi kwamba jua linaua kila kitu.

Wakuu, lenga-lenga ikatoka! Majani mapana kama kiganja cha fundi mawe. Misimu miwili tulikula, tukagawa. Walionicheka wakaja na vikapu.

Halafu binti wa shangazi yangu, anayesomea agronomia, akawa anakusanya udongo wa bustani za mjini kwa ajili ya mémoire yake, tasnifu ya kumalizia chuo. Nikampa wa kwetu huku nikitambia mbolea yangu ya choo.

Majibu ya maabara yalionyesha madini ya risasi kwa wingi, na kadmiamu, yote sumu. Hakunicheka. Aliniuliza tu ni akina nani wanatumia kile choo.

Hapo nikakumbuka. Jirani yetu Papa Paluku anafufua betri za magari. Anazifungua uani, yale maji machafu anayamwaga chooni. Tulimwona kila siku. Tena tulimsifu kwa kuwa hayamwagi njiani, watoto wanapochezea.

Jua linaua vijidudu, sawa. Risasi haina uhai wa kuuawa. Inakaa udongoni, mboga inainyonya, nawe unaila.

Papa Paluku simlaumu. Yeye alitupa uchafu mahali pa uchafu. Mimi ndiye niliyeutoa kule nikauweka kwenye sahani.

Nilimweleza mama asubuhi akiwa anapalilia. Nikaahidi kuutoa udongo wote na kuleta mwingine. Akasema:

"Tukiitoa tutaitupa wapi? Kila fasi kuko mutu analima. Acha ibakie kwangu."

Siku hiyohiyo aling'oa mboga zote kwa mikono yake. Nilitaka kumsaidia, akanikataza.

Sasa ananunua lenga-lenga sokoni Birere. Anasimama mbele ya muuzaji na kumhoji ni mbolea gani iliwekwa, hadi wanamwona msumbufu. Mimi hajanilaumu hata mara moja. Natamani angenigombeza tu yaishe. Na tulichokwisha kula sijui kitatufanya nini. Hilo linaninyima raha.

Nilichojifunza: tope la choo, hasa la mjini, usiulize tu kama limekauka. Uliza kila kilichomwagwa mle ndani, na nani alikimwaga. Kama hujui, peleka likapimwe, au liache.

Wataalamu wa udongo mliopo humu, naomba maoni. Mmewahi kuona udongo wa namna hii ukipona? Ulichukua miaka mingapi? Semeni ukweli, msinifariji. Mama ana miaka sabini na minne, na jana ameniuliza kama atalima tena pale.